Tyubu Iliyokufa Ilirudi Stoo

Enzi zetu, taa iliyoungua ilibebwa kwa uangalifu kuliko taa mpya. Nyinyi mliokulia kambi ya wachimba shaba, kule juu ya Kasese ambako bonde linabana, hamhitaji kuelezwa. Wengine nisikilizeni tu. Mimi shule niliachia darasa la nne, sina maneno ya kuzungusha.

Baba yangu alitoka Kenya kufuata kazi ya shimoni. Tukapewa nyumba ya vyumba viwili, na sebuleni tyubu moja ndefu ya umeme. Moja tu, lakini ndugu zangu, wakati ule huko kwingine watu walikuwa wanatoboa macho kwa koroboi. Ukiwasha ilisitasita kwanza, inapepesa, inanguruma kidogo kama nyuki ndani ya kopo, halafu ghafla meza, sufuria na uso wa Mama vyote vinakuwa vyeupe. Chini yake tulikula bundu, ule ugali wa muhogo, ya moto kwa samaki wa chumvi, tunapigania kichwa. Chini yake Mama alishona sare za watoto wa kambi nzima, mguu hautulii kwenye cherehani, na Baba akirudi zamu anakaa pembeni ananuka baruti na sabuni ya kipande.

Sheria ilikuwa moja. Tyubu ikiungua, hununui dukani. Unaipeleka iliyokufa stoo ya kambi, unapewa nzima. Usipoleta iliyokufa, mtakaa gizani. Pale stoo alikaa mzee aliyewahi kuwa askari, sote tukimwita Afande, wakubwa kwa wadogo. Hata kama umeibeba mbele ya macho yake, lazima aulize, “Ya zamani iko wapi?” Unaiweka juu ya meza. Anaangalia vyuma vya huku na huku, anaifuta vumbi na kitambaa, anailaza kwenye sanduku refu la mbao lenye majani makavu. Sanduku likijaa linashushwa kwa lori. Linakwenda wapi, hatukuuliza. Mtoto wa siku zile hakuwa na maswali mengi kama hawa wangu.

Siku moja ya likizo, tyubu yetu ikafa. Mama akaifunga kwenye shuka kuukuu, akanipa. “Hii si fimbo. Nenda moja kwa moja. Ukiivunja, nguo za watu zinanilalia hapa na wewe unalala na njaa.”

Nilikuwa na miaka kumi. Njia ya stoo ilipita kando ya uwanja wetu wa mpira, wenye goli la miti ya mkaratusi. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikaifungua shuka. Nani kati yenu angeweza kupita? Nikawa kamanda, nikakata hewa mara mbili, mara ya tatu nikagonga mti wa goli. Paa! Ukatoka moshi mweupe, vioo vikamwagika kwenye nyasi, na unga laini ukabaki mkononi. Nitasema ukweli: kabla ya kuogopa, nilijipaka ule unga usoni. Kamanda lazima apakwe rangi.

Ndipo woga ukaja. Nikazisukuma nyasi juu ya vioo kwa kiatu, nikakimbilia mto Nyamwamba kunawa uso, nikafika stoo mikono mitupu.

“Ya zamani iko wapi?”

“Imevunjika, Afande.”

“Imevunjikia wapi?”

Kusema uwanjani ni kusema nilikuwa nacheza. Nikadanganya. “Mtoni, Afande. Niliteleza kwenye mawe.”

Nilifikiri atanifukuza, basi, nikapigwe nyumbani. Badala yake akachukua kofia yake, akafunga mlango wa stoo. “Twende. Pale wanawake wanafua. Watoto wanaoga.”

Yule mzee akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye Nyamwamba. Mnajua maji yale, yanashuka kutoka kwenye barafu ya Rwenzori, yanauma mpaka kwenye meno. Akainama, anapapasa jiwe moja moja kwa vidole, anatafuta vioo ambavyo havikuwepo. “Hapa?” ananiuliza. Nami, mkavu ukingoni, na viatu vyangu vya turubai, namjibu, “Hapo mbele kidogo, Afande.” Nilisema hivyo mara tatu. Nimefanya mambo mengi maishani, nimebeba mizigo mpakani, nimegombana na watu, lakini hakuna neno ninaloona aibu nalo kama lile, hapo mbele kidogo.

Tukasikia kilio kutoka uwanjani.

Alikuwa Baluku, rafiki yangu wa upande wa Ibanda. Mama yake alikuja kuuza matunda kambini, na yeye akibaki nyuma kupiga mpira. Alikuwa fundi wa mpira, na hakuwa na viatu. Tulipofika ameshika mguu kwa mikono miwili, damu inapita kati ya vidole. Afande akachomoa kioo, akafunga leso yake mwenyewe, akambeba mgongoni mpaka zahanati, suruali bado inachuruzika maji.

Aliporudi nilikuwa nimesimama palepale. Akaangalia mti wa goli. Akaangalia nyasi. Akanishika sikio, akaangalia kidole chake kilichokuwa cheupe.

“Uso ulinawa. Sikio ulisahau. Mjinga wewe.”

Hakunipiga. Alinirushia mfuko mtupu wa saruji. “Okota.”

Nikaokota. Nikasema nimemaliza.

“Umemaliza kabisa?”

“Kabisa, Afande.”

“Vua viatu.”

Nikavua.

“Tembea. Toka hapa mpaka goli la pili.”

Nikaziangalia zile nyasi. Nikaiangalia miguu yangu, laini ya mtoto wa kambi. “Afande,” nikamwambia, “naomba niokote tena kidogo.”

“Ehe! Sasa ndiyo unaanza kazi.”

Nilipiga magoti, nikatafuta kwa macho ya kweli, jani kwa jani, mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Halafu nikatembea uwanja mzima pekupeku, yeye akinifuata nyuma hatua kwa hatua. Akachukua mfuko, akahesabu vyuma viwili, akanipa tyubu mpya. Kwa Mama hakusema neno. Baluku nilimwambia mwenyewe kesho yake, pale zahanati. Alinizaba kofi akiwa amelala, tukamaliza. Leo analima kahawa kule Karambi, na kidole chake kidogo cha mguu mpaka sasa hakikunjiki.

Sasa niwaambie kwa nini nimeyakumbuka haya.

Mimi nimejenga hapa Bwera kwa matofali niliyochoma mwenyewe, na nyumba yangu ilikuwa na tyubu sita. Sita! Mtoto wa taa moja. Juzi mwanangu Joram, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Hima, mwenye digrii, alikuja na balbu hizi mpya ndogo. “Mzee, haya matyubu yako yanakula umeme bure.” Sawa. Nikamtazama akiwa juu ya ngazi, simu mkononi, anatafuta kwenye simu namna ya kuzungusha tyubu itoke. Kitu nilichokijua kabla sijaota meno ya ukubwa. Lakini mwanga wa balbu zake ni mzuri, siwezi kusema uongo, na haupepesi.

Alipomaliza nikamuuliza, “Za zamani ziko wapi?”

“Nimetupa kule kwenye migomba, Mzee. Nyuma kabisa.”

“Zikiwa nzima?”

“Mbili tu zimebaki kwenye baraza. Zile nne zilivunjika zilipoanguka. Si takataka?”

Kwenye migomba ile mama yake analima pekupeku tangu nimwoe. Nilimnunulia gambuti, akasema zinamchoma miguu, akazifanya za kuwekea mbegu za maharage. Kila Jumatatu alfajiri yuko pale na jembe lake. Na siku ile ilikuwa Jumapili.

Nikachukua mfuko wa saruji, nikampa. “Okota.”

“Mzee, ngoja nitafute glavu. Ule unga una sumu, tulifundishwa kazini.”

“Unajua una sumu, na umeutupa mama yako analimapo?”

“Kila mtu anatupa hivyo, Mzee.”

Jamani. Nilimsomesha huyu kwa mgongo wangu, darasa baada ya darasa, ili aje kunijibu hivyo. Mimi niliyejipaka usoni sikujua. Yeye anajua. Sikubishana. Akavaa glavu, akafunga leso puani, akainama kwenye majani makavu ya migomba. Baada ya nusu saa akaja na mfuko. “Nimemaliza.”

“Vua viatu.”

Alicheka. “Mzee, unatania. Mimi baba wa watoto wawili.”

“Vua. Tembea mpaka pale mbigili inapoanzia.”

Akaniangalia aone kama natania. Akaangalia chini, kwenye yale majani, mahali mama yake atakapokanyaga kesho. Hakuvua. Alirudi, akapiga magoti na suruali yake ya kazini, akaanza kugeuza jani moja moja. Akapata kipande. Akapata kingine, kirefu kama kidole, kimesimama wima kwenye udongo. Hicho alikishika muda mrefu bila kukitia mfukoni.

Giza lilipokaribia ndipo akavua viatu mwenyewe, sikumwambia tena. Mimi pia nikavua gambuti zangu. Tukatembea migomba yote, baba na mwana, polepole, tunajaribu ardhi kwa vidole. Mama Joram alitukuta hivyo akauliza kama tumerogwa.

Mfuko ule na tyubu mbili nzima ninazo bado. Nilizipeleka dukani zilikotoka balbu mpya. Binti wa pale akanionea huruma, “Mzee, sisi tunauza tu, hatupokei.” Nikauliza na ofisi ya mji, wakaniambia niweke nyumbani. Basi nimezilaza juu kabisa ya stoo yangu, kwenye sanduku la mbao nililopigilia mwenyewe, lenye majani makavu chini. Watu wananicheka. Wacheke. Enzi zetu nyumba ilikuwa na taa moja, na alikuwepo mtu mmoja mkali ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza ile iliyokufa iko wapi. Siku hizi taa ni nyingi, maduka ni mengi, na nikifika na sanduku langu hakuna meza ya kuliwekea.

Jumatatu Mama Joram alishika jembe lake kama kawaida, akaingia kwenye migomba pekupeku, huku anaimba. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza mpaka alipomaliza mistari yote.