Vipepeo wa Kabula

Sogeeni karibu, na huyo anayetafuna karanga ameze kwanza, maana jambo hili silisemi mara mbili.

Nilipokuwa mtoto kule Samuye, miaka ile mgodi wa Mwadui ulipoanza kuvuta watu, nililala kitanda kimoja na Kabula, binti wa baba mdogo. Bibi yetu alilala katikati, lakini uso wake aliuelekeza kwa Kabula. Kabula alijua wadudu. Ukimwonyesha kiwavi atakwambia huyu anawasha, huyu hana neno, huyu aliyejishonea nyumba ya vijiti mwondoe malishoni, ng'ombe akimmeza anakufa. Mimi wote niliwaita wadudu tu.

"Macho ya Kabula ndiyo macho yangu," Bibi alizoea kusema, nami nikalisikia neno hilo tumboni kama njaa.

Basi, kwetu kipepeo akiingia ndani akatua juu ya mtu, mgeni anayekuja ni wa mtu huyo. Ndiye atakayempokea, na alitakalo mgeni halikatai. Na vipepeo walimtaka Kabula. Wote! Nilitamani mmoja tu akosee njia, atue juu yangu.

Nikakumbuka wanavyojazana pale ng'ombe wanapokojoa. Asubuhi moja nikachukua mkojo wa ng'ombe uliowekwa wa kusafishia vibuyu vya maziwa, nikaloweka kaniki yangu, nikajifunga, nikaketi ndani karibu na mlango. Jua lilipopanda, wakaingia weupe wawili, kisha wa manjano, wakatua mapajani mwangu.

"Bibi! Bibi, njoo uone!"

Kabula akabana pua. "Mbona unanuka zizi?"

"Wivu huo," nikamjibu. Mimi huyo!

Bibi akanitazama muda mrefu. "Umemtaka mgeni, mayu, mama yangu? Haya, ni wako."

Siku ya tatu akaja shangazi kutoka Songwa, kitoto mgongoni, anatafuta msichana wa kumlelea. Akatutazama sisi wawili. "Vipepeo wametua juu ya nani?"

Bibi akaninyooshea kidole. Nililia njia nzima hadi Songwa.

Zamani nilisema vipepeo hawakudanganya. Siku hizi nawaza kwamba Bibi naye alikuwa na pua. Angesema neno moja, nisingekwenda. Hakulisema, na mpaka leo sijui kama aliheshimu vipepeo au alikuwa akimficha Kabula wake.

Bibi alifariki nikiwa hukohuko Songwa. Baba mdogo alichukua ng'ombe. Kabula alirithi vibuyu na ule ujuzi. Hata uzeeni watu wanampelekea wadudu juu ya jani awatambue, nami nikisikia hivyo moyo bado unanichoma. Mimi nilibaki na yule mtoto wa shangazi. Alipoanza kusema, aliniita mimi mama, mbele ya mama yake mzazi. Nikamwona shangazi alivyogeuza uso, nikaujua uso ule vizuri sana: ndio uliokuwa wangu miaka ile ya Samuye.