Maji ya Moto kwa Muganga

Mume wangu alipofariki na binti yetu wa mwisho akaolewa, nilibaki peke yangu katika nyumba ya vyumba vitano, Remera. Kila Jumamosi nilifagia vyumba ambavyo hakuna aliyekuwa amelala ndani yake. Niliyavumilia hayo mwaka mzima na zaidi, kisha nikaiuza nyumba, nikanunua kipande cha shamba Masaka, nje ya mji, na kujenga kijumba cha mita nne kwa sita.

Afisa aliyepokea michoro yangu aliitazama kwa muda, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kingine.

"Mama, hii ni nyumba ya uani. Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na watoto watalala wapi?"

"Kwao."

Akacheka, lakini kibali nilikingoja wiki nyingi.

Kitanda kiko juu, kwenye sakafu ya mbao chini ya bati, na ngazi ya kupandia ina droo za nguo katika kila kidaraja. Chini kuna jiko, meza ya kukunja na bafu ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Vyombo vingi niligawa. Sikuvikumbuka, isipokuwa sufuria moja kubwa ya pilau.

Kitu kimoja tu sikukubali kukipunguza, nacho ni maji ya moto. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja Remera, zamu yangu huanza alfajiri, na Masaka saa kumi na moja asubuhi kuna baridi inayoingia kwenye viungo vya vidole. Nikafunga mtambo wa jua juu ya bati: mirija ya vioo kumi na mitano inayopokea jua, na tangi lililolala juu yake. Maji hupata moto mchana, tangi huyatunza, na kabla hakujapambazuka nafungua koki bila kuwasha chochote. Nilikuwa naufurahia mtambo ule kuliko nyumba yenyewe.

Jirani yangu wa pekee aliyekuwa karibu alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mjane kama mimi, anayelima maharage na dodo, yaani mchicha, upande wa chini wa kiwanja changu. Yeye alikulia Bujumbura na mimi nilikulia Karagwe, kwa hiyo tulipokutana njiani tulisalimiana kwa Kiswahili. Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Tanzania ambayo watu huicheka mpaka leo. Lakini salamu ndiyo iliyokuwa yote. Nilikuwa nimehama ili nisiwe na watu wengi, na hilo nililitekeleza vizuri. Siku za umuganda, watu wanapotoka kufanya usafi pamoja, mara nyingi nilikuwa zamu. Miezi minane ilipita sijaingia kwake hata mara moja, wala yeye kwangu.

Siku moja ya kiangazi nilirudi saa kumi na moja jioni, nikashuka kwenye pikipiki, nikaona maji yanatiririka ukutani. Niliinua macho. Juu ya bati palikuwa na alama nne za vumbi ambapo miguu ya mtambo ilikuwa imesimama, na mabomba mawili yamekatwa vizuri, kwa msumeno, kama kazi ya mtu asiye na haraka.

Jirani yangu alikuja akipanda kutoka shambani, anafuta mikono kwenye kitenge. Hapa kila mtu anayefanya kazi zahanati huitwa muganga, basi na yeye aliniita hivyo.

"Muganga, umerudi! Mafundi yako wamesema kesho ndiyo wanaleta ile mupya."

"Mafundi gani, Mama?"

"Wale wenye ulituma. Walikuwa watatu, na kofia za kazi na gari. Wamesema tangi inavuja."

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alianza kusema polepole.

"Walikuja saa sita. Waliniuliza, 'Hapa ni kwa nani?' Nikasema, 'Kwa muganga.' Wakasema, 'Ehee, muganga ndiye ametutuma.'" Aliinua macho kwenye bati. "Ni mimi niliwapa hilo jina."

"Ukawaacha wapande?"

"Niliwashikia ngazi, Muganga. Ilikuwa inayumba. Na nikawapa ubushera wakunywe."

Ubushera ni togwa ya mtama, na yake ni nzito na tamu, huitengeneza kwa siku mbili. Nilipata picha ya wale wanaume watatu wameketi kwenye kidaraja cha mlango wangu wanapokezana kikombe, na hasira ikanipanda.

"Mama, unamshikiaje mwizi ngazi?"

Aliketi chini kwenye udongo, akaweka mikono kichwani. Nilipaswa kumwinua. Nilipita pembeni yake, nikaenda kufunga koki kuu ya maji.

Polisi waliniuliza namba ya mtambo. Sikuwa nayo. Ilikuwa imebandikwa kwenye tangi, na tangi ndilo lililoibwa. Kijana wa polisi aliandika maelezo kwa adabu, akanishauri siku nyingine nipige picha kila kitu chenye namba. Wezi hawakupatikana.

Asubuhi ya pili baada ya hapo nilifungua mlango nikakuta ndoo yenye mfuniko, imezungushiwa blanketi kuukuu. Ndani mlikuwa na maji ya moto. Nilijua yametoka wapi, kwa kuwa yalinuka moshi wa mkaratusi, kuni anazochoma jirani yangu. Nilioga haraka nikaondoka, na ndoo tupu nikaiacha mpakani. Kesho yake ilikuwa pale tena, imejaa. Na keshokutwa yake.

Siku ya nne nilimwita kutoka mpakani. "Mama, acha. Nitachemsha mwenyewe."

"Kuni ni zangu," alisema, bila kuacha kupalilia.

Ndoo ilikuja wiki tatu. Jumapili moja, yeye akiwa ametoka misa, nikaenda kwake nikiwa nimebeba sukari na majani ya chai. Nilikuta nyumba ya chumba na sebule, na mafiga matatu nje chini ya kipaa cha bati. Ndipo nilipohesabu: ili maji yawe mlangoni kwangu saa kumi na moja, lazima awe ameamka saa tisa na nusu. Na magoti yake yamevimba, hilo nililiona tangu mlangoni. Mimi muuguzi, na nilikuwa sijawahi kuyatazama.

"Mama, nisamehe kwa neno lile."

"Lilikuwa neno la kweli."

"Lilikuwa baya pia."

Akanimiminia chai. "Mimi nilikuwa naona kanyumba kadogo, mtu hasalimie sana, nikafikiri huyu ni mwenye hana watu. Wale walipokuja nikafurahi. Nikasema, kumbe iko na watu wanamtengenezea vitu."

Nilitoa simu nikamwomba namba yake. Alikuwa na simu miezi yote hiyo.

Mtambo wa pili niliufunga kabla ya mvua za vuli. Safari hii fundi wa kuchomelea aliutengenezea fremu ya chuma iliyofungwa kwenye boriti kutoka ndani ya dari, kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatika zikishakazwa, usiweze kuzifungua kwa spana. Bolti hizo nilizitafuta maduka mengi, mwisho nikazipata dukani kule Sonatubes. Kwenye tangi niliandika namba ya kiwanja changu kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka barabarani. Halikupendeza, na ndiyo sababu ya kufanya hivyo. Nilipiga picha zote. Na mimi na Mama tukapatana: fundi yeyote akija, nitakuwa nimempigia kwanza.

Mwezi wa pili baada ya hapo, nikiwa zahanati, simu iliita. Ilikuwa sauti ya mwanaume, imekauka.

"Mama, mimi ni fundi niliyekufungia mtambo. Nimekuja kukagua valvu. Niko juu ya bati lako na ngazi imeondolewa."

"Imeondolewa na nani?"

"Kuna bibi hapa chini. Ameikalia."

Alikuwa amekuja siku moja kabla ya ile tuliyopatana, na mimi sikuwa nimempigia Mama bado. Kabla sijajibu, simu ya pili iliingia, ya Mama. "Muganga, nimemupata mmoja! Nimeita mukubwa wa mudugudu, wa hiki kijiji chetu, anakuja na watu. Usiogope."

Ilichukua dakika kumi kumshawishi arudishe ngazi. Alitaka nimweleze huyo fundi anafananaje, kisha akamwambia avue kofia ahakikishe upara. Fundi alipoteremka, jua lilikuwa limemchoma shingo. Mama alimpa ubushera, vikombe viwili, na kumwambia waziwazi kwamba safari hii hakumpa kitu kabla ya kujua.

Siku hizi Mama huja kwangu kuoga Jumatano na Jumamosi, kwa ajili ya magoti. Mara ya kwanza aliweka mkono chini ya bomba, akauondoa, akatoka nje kuangalia kama kuna mtu anachochea moto nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha mirija. Alitikisa kichwa, akarudi ndani, akajifungia.

Nyumba ikiwa ndogo hivi, mmoja akioga mwingine hana pa kukaa, kwa hiyo mimi hukaa nje kwenye kidaraja na kumenya ndizi. Yeye huimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi, ubeti baada ya ubeti, na humaliza maji yote ya moto. Siku za mawingu hubakia ya uvuguvugu tu kwangu, nami huoga hayohayo.