Maboga ya Mapema

Kila Oktoba yule mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa posta, hupanga barazani maboga yaliyochongwa nyuso mapema mno. Ikifika Halowini yenyewe, usiku wa mwisho wa mwezi, huwa yamebonyea na kuota ukungu, naye yuko pale ameinama, akiuinua kwa vijiti vya kuchokolea meno mdomo wa boga ulioporomoka.

“Jirani, hayo yamezeeka kukushinda!” Loretta alimtania mwaka huu, akiegemea ua. “Yatupe, nikupe langu zima.”

Mzee hakugeuka. “Wameyachonga wajukuu. Tangu wazazi wao waachane, kwangu huja wiki ya kwanza ya mwezi tu. Halowini ni zamu ya baba yao.” Akapapasa mfukoni. “Vijiti vimeniishia.”

Loretta aliingia ndani, akatoka na pakiti nzima.