Mwezi Wangu Si Kosa

Nilipekua matumbo ya gemu la zamani la kompyuta la uvuvi mpaka macho yakanitoka kama ya samaki mgebuka, nikaligeuza liwe la Ziwa Tanganyika. Humo, kama ziwani kwenyewe, usiku wa mbalamwezi huvui kitu, maana dagaa hawafuati taa za wavuvi. Nikaligawa bure kwenye kundi letu la mtandaoni la wapenda magemu ya kale.

Msimamizi wa kundi akaufuta mwezi wangu. "Kaka, nimekurekebishia kosa. Wachezaji walikuwa wanakosa samaki."

Kosa? Nilifoka mpaka mji wa jirani wa Mwandiga wakanisikia! Jirani yangu mvuvi, hapa Ujiji, akauliza, "Huyo amewahi kuona ziwa, au beseni?"

Nimeurudisha mwezi, mkubwa maradufu. Ukitupa wavu chini yake, unavua ndala yako mwenyewe. Aufute tena aone!