Aliniita Yaya, Nikamnyima Kazi

Wewe unayesoma, nisikilize kana kwamba umekaa jikoni kwangu na chai yako mkononi. Kosa ni langu. Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha. Nilimharibia mwanamke mwenzangu mipango ya maisha kwa sababu ya neno moja ambalo sikulielewa, na kila nikikumbuka najionea kinyaa.

Nianze mwanzo ili usipotee. Mimi ni Mtanzania, mhandisi wa maji, umri wangu miaka arobaini na minane. Nilizaliwa Dar, nikafanya kazi London miaka tisa, na sasa naishi Brussels, upande wa Uccle, kwenye miti mingi na majirani wanaosalimia kwa kutikisa kichwa.

Miji haifanani, na hili nalieleza taratibu kwa sababu ndipo nilipoangukia. Dar, mhandisi mweusi ni mhandisi tu, hakuna anayemshangaa. London, wataalamu weusi wana vyama: cha wahandisi, cha wahasibu, cha madaktari. Unaingia ukumbini, unataja jina lako la kwanza na kazi yako, mnapeana namba, basi. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Niliupenda utaratibu ule.

Brussels nilitafuta chama cha namna hiyo, sikukipata. Wakongo niliwaona kila mahali, kwenye tramu, sokoni, kanisani, wakiitana papa, maman, tonton, yaani baba, mama, mjomba. Nikajiambia hawa ni watu wa familia na kanisa, wataalamu hawana. Upumbavu ulioje! Kwa kuwa hawakuvaa beji kifuani, nikasema hawapo.

Basi nikaanzisha kikundi changu. Tulikuwa kumi na mmoja, kutoka nchi mbalimbali za Afrika, tukikutana sebuleni kwangu Jumamosi moja kila mwezi. Sheria niliitunga mimi: jina la kwanza na kazi yako. Ushangazi na ujomba uachwe mlangoni.

Kuna jambo jingine lazima ulijue, na silisemi ili nijitetee. Mume wangu ni Mbelgiji, na binti yetu amechukua rangi ya baba yake. Siku moja getini shuleni, mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa naifanyia kazi familia ipi, maana naye alikuwa anatafuta yaya mzoefu. Nilicheka, nikamwambia mtoto ni wangu. Lakini lile neno, yaya, nilirudi nalo nyumbani.

Sasa Furaha. Hilo si jina lake, ila nitamwita hivyo. Ni Mkongo wa Bukavu, ana miaka thelathini na sita, mhandisi wa maji kama mimi. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha, huku akisubiri diploma yake itambuliwe hapa. Ilipotambuliwa, akaomba kazi kwenye kampuni yetu. Mtu wa kanisani kwao akampa namba yangu.

Alinieleza kila kitu kwenye simu. Alikuwa na binti wa miaka kumi na saba, aliyebaki Bukavu na bibi yake. Ili amlete, alitakiwa aonyeshe mkataba wa kazi wa kudumu, na maombi yaingie kabla mtoto hajafikisha kumi na minane. Alikuwa amebakiwa na miezi michache. Nikamwambia aje Jumamosi awaone wenzetu.

Wengine walikuja na chupa za mvinyo. Furaha alikuja na sufuria la kisamvu, wao wanakiita sombe, amelifunga kwa kitenge. Hakutaja jina lake la kwanza wala kazi yake. Alinipa mikono miwili, akainama kidogo.

"Aksanti ya kunikaribisha, yaya," akasema mbele ya watu wote. "Nyumba yako ni muzuri sana, yaya."

Wakili mmoja Mkenya karibu apaliwe na kinywaji chake. "Hongera, boss," akaniambia. "Kumbe una side job ya kulea watoto." Wanaojua Kiswahili wakacheka. Wasiojua wakaomba watafsiriwe, wakatafsiriwa, wakacheka na wao.

 Machoni pangu Furaha akageuka yule mama wa getini, amesimama mbele yangu na sufuria.

"Hapa hakuna yaya," nikamwambia. "Yaya ni mtu wa kufua nepi. Mimi ni mhandisi."

Furaha alinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Kisha akainamisha kichwa.

"Pardon, yaya," akasema.

Wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Hakukaa nusu saa. Alisema zamu yake inaanza mapema, akaondoka. Sombe yake hakuna aliyeifunua. Jumatatu niliimwaga yote kwenye pipa, nikaosha sufuria, nikaliweka juu ya kabati pamoja na kile kitenge.

Wiki iliyofuata mkuu wangu alikuja mezani kwangu. Wamebaki watu wawili, akasema, Furaha na bwana mmoja wa mji wa Liège. Amesikia namfahamu huyu mama. Je, ni mtu wa namna gani?

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli: kwamba nimesoma kazi alizoambatisha kwenye maombi yake na ni nzuri, kwamba mtu anayewalisha wazee kwa uvumilivu ataweza kukaa na wateja wetu wakorofi. Nikasema, "Hajui mipaka."

Sentensi moja tu. Mkuu wangu akashukuru, akaenda zake. Mimi nikaendelea na mchoro wangu, na mchana nikala vizuri. Hilo la kula vizuri ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Yule bwana wa Liège akaanza kazi mwezi uliofuata.

Miezi ilipita. Kisha Papa Kalala, mzee wa Lubumbashi anayetengeneza ramani ofisini kwetu, akafiwa na mama yake. Nikaenda kwake mtaa wa Ganshoren kumpa pole. Nilitegemea kukaa dakika kumi. Nilikuta nyumba imejaa mpaka kwenye ngazi. Mama mmoja mwenye mvi alikuwa anamenya vitunguu jikoni, mikono imelowa, na kila aliyeingia alimwendea kwanza yeye. Mwanamke aliyevaa suti akamwinamia, akamshika mikono miwili.

"Bonjour, yaya," akamwambia.

 Nikamuuliza Papa Kalala yule mama mwenye mvi ni mlezi wa watoto wa nani. Mzee alicheka siku ya msiba wake mwenyewe.

"Ule? Ule ni daktari wa moyo, maman. Na mwenye kumusalimia ni avocate, wakili."

"Sasa mbona anamwita yaya?"

"Mbona asimuite? Yaya njo mukubwa wako. Dada mwenye alikutangulia. Ka mutu amekupita miaka ao masomo, utamuita jina tu? Bon, njo heshima, maman. Kwenu hamuna?"

 Kumbe Furaha alikuwa amenipa cheo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuandikiwa kwenye kadi! Alikuwa amenifanya dada yake mkubwa mbele ya watu, na mimi nikamtemea mate.

Nikabaki pale mpaka jioni. Kwenye kona ya sebule, kati ya sahani na pole, nikamsikia mwenye duka la dawa akiahidi kumchukua binti wa mtu kwa mafunzo, na yule wakili mwenye suti akisoma barua ya mwenye nyumba iliyomchanganya mama mmoja. Hicho ndicho chama nilichosema hakipo. Hakina jina wala beji, kinakutana msibani na harusini, na mlango wake ni yale maneno ya kuitana ambayo mimi niliyapiga marufuku. Kikundi changu, kwa miaka miwili, hakikuwahi kumpatia mtu kazi hata moja. Kilikuwa kimemnyima mmoja.

Na nikuambie kinachonikera zaidi. Tuseme kweli Furaha angekuwa ananiita mlezi wa watoto. Lilikuwa tusi gani? Mimi nimelelewa na mmoja, Dar, akanibeba mgongoni mpaka nikaanza shule. Tena sisi Watanzania tumelichukua neno "dada", neno la damu, tukampa msichana wa kazi ili tumtume bila kuona haya. Halafu mimi huyohuyo nikajifanya najua neno lipi lina heshima. Puu!

Nilimwendea mkuu wangu, nikamwambia nilisema uongo juu ya Furaha. Akasema nafasi imeshajazwa. Tangu siku hiyo haniulizi tena maoni yangu juu ya mtu yeyote, na hajakosea. Kikundi nilikivunja mwenyewe.

Mwishowe nikachukua sufuria na kitenge, nikaenda mtaa wa Saint-Gilles. Furaha anaishi ghorofa ya nne, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Alifungua akiwa amevaa sare ya kazini, anajiandaa kwenda kwa wazee wake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: lile neno, kicheko, sombe kwenye pipa, na ile sentensi niliyomwambia mkuu. Sikubakiza kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapokea sufuria, akalitazama ndani kama anahakikisha limeoshwa.

"Mutoto alifikisha dix-huit ans, kumi na munane, mwezi wa tatu," akasema. "Alinipigia simu, ati, maman, sasa mi niko mukubwa, usihangaike tena."

 Nikamwomba msamaha, nikamwita mdogo wangu.

"Nimesikia, Madame," akajibu.

"Niite yaya, tafadhali."

"Hapana, Madame. Yaya ulikataa mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Kisha akafunga mlango polepole, maana alikuwa anachelewa kazini.

Ofisini naitwa kwa jina langu la kwanza, getini shuleni naitwa mama wa fulani, na Furaha ananiita Madame. Katika mji huu wote mtu mmoja tu aliwahi kuniita yaya, na sitalisikia tena kinywani mwake.

Wewe uliyehamia mji mgeni, usikate tamaa kama huwaoni watu wa taaluma yako. Wapo. Wanakutana kwa njia yao, si kwa njia ya mji uliotoka, na mmoja wao huenda akaja mlangoni kwako na sufuria. Akikuita kwa neno usilolielewa, usimjibu kwanza. Mpe kiti, kisha muulize: "Neno hilo kwenu lina maana gani?"