Lorna na Kodi ya Majimbo Mawili

Kwa miaka kumi na tisa Lorna Teague amefua mashuka ya hospitali upande wa jimbo la Missouri na kulala upande wa jimbo la Kansas, ng'ambo ya barabara tu. Fomu za kodi alikuwa akizijaza mumewe, Dwight. Mwaka huu Dwight ni marehemu, kwa hiyo Lorna akajaza mwenyewe ile ya Kansas, maana ndiko nyumbani. Ikaonyesha anadaiwa dola mia tisa. Hizo ndizo alizoweka za kwenda mji wa Tulsa kumpakata mjukuu wake wa kwanza.

Jumamosi akaipeleka fomu hiyo maktabani kwa mzee Vernon, anayesaidia watu kodi bila malipo.

"Ya Missouri umejaza?" Vernon akauliza.

"Ya nini, na wao wananikata kila mshahara?"

"Ndiyo maana, mama. Unaanza kule unakofanyia kazi. Tukishajua kodi ya kule, Kansas wanakupunguzia ya kwao."

"Mbona Dwight hakuniambia?"

"Sisi wanaume wa hesabu hatusemi. Mkijua, mtatufukuza."

Lorna akacheka, na machozi yakamtoka humo humo katika kicheko. Vernon akajifanya anatafuta kalamu.

Wakajaza Missouri kwanza, ndipo Kansas. Zikabaki dola tisini na mbili za kulipa.

Kabla hajafika mlangoni alishampigia simu bintiye.

"Krystal, nakuja Ijumaa. Huyo mtoto usimwogeshe, nitamwogesha mwenyewe."