Wimbo wa Kiyao Nisioujua

Baba yangu alitoka kusini, upande wa Tunduru, akaja Mazinde kukata mkonge. Alipochoka na maisha ya kambi alihamia Handeni kwa watu wa mama, Wazigua, wakampa shamba bondeni. Huko ndiko mama alikofia, nikiwa bado nasoma sekondari Korogwe.

Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, baba alikwenda kaburini kwa mama na bakuli la unga wa mtama. Aliumimina kidogokidogo upande wa kichwa, kisha akaimba kwa Kiyao. Wimbo ulitaja wafu wa kwao mmoja mmoja, na mwishoni mama, kati ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Maneno mengine sikuyauliza. Nyumbani tulisema Kizigua, shuleni Kiswahili. Kiyao kilikuwa cha baba peke yake.

Alikuwa na mtani wake, Mzigua aliyekata naye mkonge. Huyo aliruhusiwa lolote.

"We mla panya, unamlisha marehemu unga mtupu? Hata mboga humwekei?"

"Mboga nitakuchinja wewe," baba alimjibu, akacheka mpaka akakohoa.

Amri ya kuhamia vijijini ilipofika, sisi tulipangiwa Kwedizinga. Baba akasema hatoki bondeni. Mimi nilikuwa karani wa kijiji kipya, na nilisifiwa kwa mashairi niliyoyatunga kwa ajili ya mikutano. Mwaka ule chakula kilikuwa haba. Nikatunga beti juu ya mzee wa kusini anayelisha udongo unga huku watoto wakilala njaa, anayeng'ang'ania mifupa. Niliona nafanya utani tu. Mbona yule mtani alisema hayo hayo kila mwaka? Watu waliangua kicheko. Baba alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuja kuomba aachwe bondeni hadi mavuno.

Mtani ndiye aliyenifuata baada ya mkutano.

"Mimi nikimcheka pale kaburini namfuta machozi. Wewe ni mtoto wake. Utani na baba yako umeupata wapi?"

"Lilikuwa shairi tu, mzee."

"Shairi!" Akatema mate pembeni, akaondoka.

Baba alihamia Kwedizinga. Kaburini hakwenda tena, wala sikumsikia akiimba. Nimewahi kuilaumu amri ile, lakini amri haikumkataza kuimba. Niliyemnyamazisha ni mimi. Miaka baadaye, alipolala na ugonjwa, nilimwomba.

"Baba, nifundishe ule wimbo wa mama."

Akageukia ukutani. "Si umeshatunga wako?"

Nimeandika mashairi mengi juu ya baba na mama tangu hapo. Vina vinakubali, mizani inatimia, na hakuna hata moja ninaloweza kulisoma makaburini.

Tulipomzika baba, shehe akiisha kuomba dua, mtani alishika jembe akazuia kaburi lisifukiwe mpaka alipwe ada ya utani. Watu wakacheka, wakamtupia senti. Kaburi lilipofukiwa akaomba unga, akaletewa.

"Haya," alisema, "mwimbieni mwenzenu."

Hakuna aliyeujua wimbo. Wote wakanitazama. Mtani akaumimina unga mwenyewe, upande wa kichwa.

"Sogea," akaniambia. "Umesimama juu ya udongo wake."